Kahawa yenye jina: barua kutoka Saint Helena

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa,

Tangu nipate mkataba wa uhasibu katika kisiwa hiki, swali ninaloulizwa kwenye simu ni lile lile: huko uliko ni nchi gani, mbona kwenye ramani ya shule haionekani? Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu nimeyakuta huku mambo yanayotuhusu sana sisi tuliolelewa kwa fedha ya kahawa.

Saint Helena ni mlima wa volkano uliozimika zamani, umechomoza katikati ya Atlantiki ya Kusini, kama kilomita 1,900 magharibi ya pwani ya Angola na Namibia. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba 122 tu. Wilaya ya Kyerwa peke yake inakizidi mara nyingi. Sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 4,400, idadi ambayo kwetu ingetosha vijiji viwili hivi. Kilele kirefu, Diana's Peak, kinapita kidogo mita 800. Wenyeji wanakiona kirefu, lakini Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata aliyesimama ukingoni mwa Mto Kagera yuko juu kuliko kilele cha huku.

Pwani ni magenge makavu, mwamba mtupu wa rangi ya kutu. Ukipanda kuelekea katikati, hewa inapoa, ukungu unashuka, nyasi zinakuwa za kijani, na mteremko mmoja baada ya mwingine unakukumbusha vilima vya Karagwe. Makao makuu ni Jamestown, mji uliobanwa kwenye bonde jembamba kati ya magenge mawili. Kutoka mjini hadi juu ya genge kuna ngazi ndefu yenye vidato 699, iliyojengwa mwaka 1829 kwa ajili ya kupandisha samadi na kuteremsha mizigo.

Wareno walikiona kisiwa hiki mwaka 1502, kikiwa hakina mtu. Mwaka 1659 kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilikichukua ili meli zake zitokazo Asia zipate maji na chakula. Waliletwa watumwa, wakaletwa walowezi, na mwaka 1834 kisiwa kikawa chini ya Taji la Uingereza moja kwa moja. Wenyeji wa leo ni uzao wa mchanganyiko huo wa Afrika, Asia na Ulaya. Watu wapole, wenye salamu. Barabarani kila dereva humwinulia mkono mwenzake, hata mgeni.

Kwa kuwa kiko mbali na kila mahali, Waingereza walikifanya gereza. Napoleon aliletwa mwaka 1815 na kufia hapa 1821. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, aliletwa 1890. Kisha yakaja maelfu ya mateka wa Makaburu katika vita vya Afrika Kusini. Na yupo mmoja wa kwetu wa pwani: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Zanzibar Agosti 1896 na kupigwa mizinga na manowari za Waingereza kwa muda usiofika saa moja. Alikimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam. Waingereza walipomtia mkononi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walimleta huku Saint Helena, baadaye wakampeleka Shelisheli, na mwishowe wakamruhusu kuishi Mombasa, alikofariki 1927. Hebu fikirini watu wa nyumba yake, waliozoea barza na lugha yetu, walivyokaa kwenye mwamba huu.

Kuna jambo zito zaidi. Katika bonde la Rupert, ng'ambo ya kilima kutoka Jamestown, wamezikwa Waafrika wapatao 8,000. Kati ya miaka ya 1840 na 1870 hivi, wanamaji wa Uingereza walikamata meli za watumwa baharini na kuwateremsha hapa watu zaidi ya 25,000. Wengi walifika wakiwa hoi kwa njaa na ndui, wakafa kabla ya kupelekwa kwingine. Mwaka 2008, ilipochimbwa njia ya kwenda kwenye uwanja wa ndege, wataalamu walifukua mabaki ya watu 325, wengi wao vijana na watoto. Mabaki hayo yalikaa kwenye maboksi kwa zaidi ya miaka kumi, hadi yakazikwa tena kwa heshima mwaka 2022. Nilipofika bondeni niliomba dua. Ni haki yao kukumbukwa na Waafrika wenzao.

Sasa niwaeleze utawala. Saint Helena, Ascension na Tristan da Cunha ni eneo moja chini ya Uingereza, kwa katiba ya mwaka 2009. Hapa kuna Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe 12 wa kuchaguliwa. Tangu Oktoba 2021 kuna mawaziri na Waziri Kiongozi, na wa kwanza alikuwa mama, Julie Thomas. Juu yao yuko Gavana, ambaye huteuliwa na Mfalme kwa ushauri wa serikali ya London. Ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani viko mikononi mwake. Mtasema hata kwetu mkuu wa wilaya huteuliwa. Ni kweli, lakini anayemteua tunampigia kura. Watu wa hapa hawana mbunge hata mmoja katika bunge la Uingereza, na bunge hilo ndilo lenye neno la mwisho.

Wameonja uchungu wa jambo hilo. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 iliwaondolea haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza, wakawa raia wa jina. Walilalamika, kanisa likawatetea, na sheria ya mwaka 2002 ndiyo iliyowarudishia uraia kamili. Mlango ulipofunguliwa, wengi walitoka. Kisiwa kilichokuwa na watu kama 5,000 mwishoni mwa miaka ya 1990 kilibaki na elfu nne na ushei katika sensa ya 2008. Hadi leo vijana wanakwenda Ascension, Falkland na Uingereza kutafuta mshahara, na watoto wengi wanalelewa na bibi na babu. Hilo sihitaji kuwaeleza ninyi mnaolea wajukuu ambao wazazi wao wako Mwanza, Dar au Kampala.

Fedha ya hapa ni pauni ya Saint Helena, yenye thamani sawa na ya Uingereza. Sehemu kubwa ya bajeti ya serikali hutoka London kama msaada. Chakula kingi huja kwa meli kutoka Cape Town. Meli ikichelewa, rafu za dukani zinabaki wazi: kwanza vitunguu, kisha viazi, kisha mayai. Mama mwenye nyumba yangu ana mazoea ya kuuliza habari za meli kabla ya kupanga mlo wa wiki. Mimi niliyekulia kwenye migomba, ambako mkungu uko nyuma ya nyumba mwaka mzima, nilichukua muda kulizoea hilo. Shamba letu la ndizi na maharage ni utajiri ambao hatuuhesabu kwa sababu haupiti benki.

Kisa kilichonifanya niandike barua hii ni cha katani. Huku juu ya milima limeenea jani refu, gumu, lenye ncha, asili yake New Zealand. Kwa miaka mingi ndilo lililokuwa uchumi wa kisiwa. Serikali ilianzisha kiwanda mwaka 1907, vingine vikafuata, na nyuzi zake zikasokotwa kuwa kamba. Msitu wa asili ulifyekwa ili jani lipandwe, na mashamba ya chakula yakapungua. Mnunuzi aliyetegemewa alikuwa Posta ya Uingereza, iliyotumia kamba hizo kufungia vifurushi na mifuko ya barua. Kisha Posta ikaamua kutumia nyuzi za viwandani. Gharama nazo zilikuwa zimepanda, na ilipofika 1966 kiwanda cha mwisho kilifungwa. Wazee waliofanya kazi viwandani utotoni wanakumbuka baba zao walivyorudi nyumbani bila kazi, kisiwa kizima kwa mpigo. Hakuna aliyewauliza. Jani lenyewe bado limefunika vilele, na leo wanalipwa watu kuling'oa ili miti ya asili ipumue.

Sisi kwetu tuna 1966 yetu. Wazee wangu, mnaikumbuka Julai 1989, hata kama tarehe hamkuijua. Nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilishindwa kuafikiana huko London, mfumo wa kugawana mauzo ukasimamishwa, na bei ya dunia ikaporomoka karibu nusu katika miezi michache. Bukoba, Karagwe na nchi nzima tuliumia. Wapo waliotolewa shule miaka ile, na wapo waliouacha mkahawa uote majani.

Hapa hapa, kwenye kisiwa kilichoangushwa na zao moja na mnunuzi mmoja, kuna kahawa. Mbegu zake zililetwa mwaka 1733 kutoka Mocha, Yemen, na uzao wake haujachanganywa sana na mbegu nyingine. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, kahawa ya shamba la Bamboo Hedge la Sandy Bay ilipata tuzo. Leo kinachovunwa kwa mwaka ni kidogo mno, hakijazi hata ghala la chama kimoja cha msingi kule kwetu. Lakini huuzwa kwa bei ya juu sana, na mfuko umeandikwa jina la kisiwa.

Nilikwenda kuona mavuno katika mteremko wa Sandy Bay. Mchumaji anapita mti ule ule tena na tena, anachukua tunda jekundu peke yake, la kijani analiacha liive. Baada ya kukobolewa, punje humwagwa mezani, na mama wawili huzichambua moja moja kwa kidole: iliyovunjika kando, iliyotobolewa na mdudu kando, nyeusi kando. Niliwaambia kwetu bibi zetu nao walichagua tunda kwa mkono, wakalichemsha na majani yenye harufu nzuri, wakalikausha, na mgeni akikaribishwa anapewa akamwani atafune kabla ya maneno. Walishangaa kusikia kwamba kahawa ilikuwa kitu cha heshima kwetu karne nyingi kabla ya Mzungu kufika kwa mfalme wetu Rumanyika.

Ndugu zangu, nalisema hili kwa moyo wote: kinachotupunguzia fedha ni namna kahawa yetu inavyotoka nyumbani. Inachumwa kwa kukwangua tawi, mbichi na mbivu pamoja, kwa hofu ya mwizi au kwa shida ya ada. Inaanikwa chini kwenye udongo. Na mbaya kuliko yote ni butura, kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini kwa bei ya huruma. Anayeuza butura mwezi wa pili amempa mtu mwingine jasho lake la mwaka. Kisha gunia linavuka kwa magendo kwenda Uganda, na likifika huko halina tena jina la Karagwe wala la Kyerwa.

Najua butura inatokana na shida, wala simlaumu mama anayetafuta fedha ya dawa. Ndiyo maana dawa yake ni ya pamoja. Tuna vyama vya msingi, tuna chama kikuu cha ushirika, KDCU, kuna minada. Vyama vikiwa na mfuko wa kukopesha wanachama kabla ya msimu, mchuuzi wa butura anakosa kazi. Vikinunua tunda jekundu kwa bei tofauti na tunda la mchanganyiko, mkulima ataliacha liive. Vikiwa na vichanja vya kutosha, kahawa haitalala kwenye udongo. Na wale vijana waliosomea biashara wakikaanga na kufungasha hata sehemu ndogo, na kuandika Karagwe au Kyerwa kwenye mfuko, tutakuwa tumeanza kujulikana.

Wakati huo huo tusiegemeze kila kitu kwenye kahawa. Kisiwa hiki kilijengewa uwanja wa ndege kwa pauni milioni 285. Uliisha 2016, ukachelewa kufunguliwa kwa sababu ya upepo unaogeuka ghafla kwenye genge, na ndege ya kwanza ya ratiba ikatua Oktoba 2017. Watalii wamekuja, ila si kwa wingi uliotarajiwa. Kwetu nako lami ya Kyaka hadi Bugene ni neema, lakini njia hubeba kilichopo. Hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, bati la Kyerwa, ndizi, maharage, vyote vipate nafasi, ili siku mtu wa mbali akibadili mawazo tusianguke kwa pamoja.

Watu wa Saint Helena hawakupata nafasi ya kuamua kuhusu kamba zao. Sisi tulijipatia nafasi hiyo kwa uhuru wa mwaka 1961. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ndipo mahali pa kuitumia. Nendeni, msiwaachie viongozi peke yao. Ulizeni hesabu zisomwe hadharani, ulizeni makato yote ni ya nini, ulizeni lini tunda jekundu litapata bei yake. Mimi mhasibu niko tayari kusaidia chama chochote kusoma vitabu vyake kwa simu, bila malipo. Tangu waya wa intaneti wa chini ya bahari uanze kufanya kazi hapa mwaka 2023, umbali si kisingizio tena.

Msalimieni kila mmoja kwa jina lake.

Ndugu yenu,
Jamestown, Saint Helena