Fisi wa Shilingi 700

Fisi wa kwanza niliyemtengeneza aliondoka jukwaani uso umemvimba.

Kosa lilikuwa langu. Kikundi chetu cha maigizo kilinipa shilingi 700 nimgeuze jamaa wa miaka 19 awe fisi. Nikajiona mjanja: nikanunua rangi ya kuchorea, ile ya wanafunzi, na gundi nyeupe ya karatasi. Nikampaka yote.

"Buda, hii kitu inawasha."

"Si uvumilie tu, ni saa moja."

Usiku mamake alinipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kwani ulimpaka nini mtoto wangu?" Nilikuwa na jibu, ila aibu ilinishika koo.

Uvimbe uliisha baada ya siku nne. Fisi mwenyewe ndiye aliyerudi akasema turudie. Mimi ningeacha.

Safari hii nilianzia ngozi. Jelatini isiyo na ladha, ya kupikia, kutoka duka la vifaa vya keki. Fisi wetu ni Mwislamu, kwa hivyo nilisoma pakiti mara mbili: nyingine hutokana na nguruwe. Gliserini kutoka kemisti. Unachanganya na maji kidogo, unaweka kikombe ndani ya sufuria ya maji moto hadi iyeyuke, kisha unangoja ipoe. Jaribu kwenye kifundo cha mkono wako kama maziwa ya mtoto. Nilijipaka mimi kwanza, nikalala nayo nusu saa, nikangoja hadi kesho yake. Halafu nikampaka yeye kidogo nyuma ya sikio, tukangoja tena.

Nyusi zake nilizifunika na Vaseline zisinaswe. Nikajenga pua na paji la uso pekee. Wazo hilo nililitoa kwa John Chambers, aliyepewa Oscar ya heshima mwaka 1969 kwa nyani wa *Planet of the Apes*: nyuso zao zilikuwa vipande vya povu la mpira vilivyobandikwa, si barakoa ya kuvaa tu, ndiyo maana waigizaji waliweza kukunja sura. Mimi sina povu lake wala bajeti yake. Nina pamba, niliyoivuta nyuzi nyuzi ikawa manyoya. Wanja ukatia weusi kwenye pua na mdomo. Fandesheni tuliomba kwa shangazi, ambaye bado anaidai.

Masikio yalitoka kwa fundi wa makochi, vipande vya sponji anavyotupa. Ya kwanza niliyachonga yenye ncha, watoto wa ploti wakaimba, "Mbwa! Mbwa!" Kumbe fisi madoa ana masikio ya mviringo. Picha zake zilikuwa kwenye simu yangu muda wote, na sikuwa nimeangalia.

Siku ya shoo joto lilikuwa kali. Jelatini haipendi jasho. Dakika ya thelathini hivi pua ikaanza kuteleza, halafu ikaanguka. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Fisi alikuwa ameidaka, anatazama huku na huku, kisha akaificha kwapani kama nyama ya kuiba. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Mamake alikuwa amekaa mbele. Baada ya shoo hakusema lolote juu ya pua. Alimshika mwanawe kidevu, akamgeuza kwenye taa, akamkagua shavu hili, akamkagua lile. Kisha akanigeukia.

"Maji ya moto iko wapi? Lete tumuoshe."