Niliisahihisha Barua, Sikuisoma



Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe. Si desturi ya mzee kuyaanika makosa yake mbele ya watu, lakini nimeona ya kuwa kosa hili limo katika nyumba zetu nyingi, nalo hutendwa kwa nia njema. Lahusu namna tunavyowafundisha watoto wetu kuandika.

Mimi nakaa Kilosa, si mbali na Mto Mkondoa. Ninaye mjukuu, binti wa miaka 11, asomaye darasa la tano. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pili, yuko Muscat katika nchi ya Omani, anafanya kazi katika nyumba ya watu ili apate kumsomesha mtoto huyu. Simu hupiga, lakini nafasi yake ni fupi, na mara nyingi huwa hajamaliza salamu kabla hajaitwa. Kwa hiyo tulipatana jambo. Kila Alhamisi baada ya Alasiri mtoto atamwandikia mama yake barua kwa kalamu, katika daftari. Kisha jirani yetu kijana ataipiga picha kwa simu yake na kuipeleka. Mama ataisoma usiku, kazi zikiisha.

Nami nikajitwalia kazi ya kuwa msahihishaji. Nilikuwa karani kwa miaka 30, na karani hapendi kuiona herufi imekaa pasipo pake. Nikanunua kalamu ya wino mwekundu.

Alhamisi moja ya masika, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, mtoto aliniletea barua ya ukurasa mmoja. Nikavaa miwani, nikaanza kazi. Ameandika "ni na kupenda" kwa maneno matatu, na hali ni neno moja. Ameandika "apa" badala ya "hapa". Herufi za L na R amezichanganya, kama wafanyavyo wengi katika watoto wetu wa bara. Nukta hazikuonekana isipokuwa mbili. Nilipomaliza nilihesabu duara 23 nyekundu, na nasema kweli, niliona fahari kwa kuwa halikunipita hata moja. Nikamrudishia daftari na kumwambia, "Andika upya. Usimtie mama yako aibu huko ugenini."

Akajibu, "Sawa babu." Akaondoka.

Barua ile haikuandikwa upya. Alhamisi ya pili alisema ana kazi nyingi za shule. Ya tatu alisema kichwa kinamwuma. Baada ya hapo sikumwuliza tena, nikidhani ni uvivu wa kitoto. Zikapita Alhamisi saba.

Ndipo siku moja binti yangu alipopiga simu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Hakuniuliza habari za mvua wala za shamba. Alisema, "Baba, mbona mwanangu haniandikii? Nimemkosea nini?"

Neno lile lilinichoma. Mtu yuko ng'ambo ya bahari, anainama juu ya sakafu za watu kwa ajili ya mwanawe, naye anadhani ya kuwa yeye ndiye aliyekosa! Nilimjibu maneno ya kumtuliza, lakini usiku ule sikupata usingizi. Nikaondoka, nikalitafuta lile daftari, nikakaa nalo karibu na taa.

Hapo ndipo nilipoisoma barua ile kwa mara ya kwanza. Chini kabisa, kati ya duara zangu, mtoto alikuwa ameandika hivi: "Mama usiku mvua ikinyesha sirari. Nasikiriza mto."

Nilikuwa nimezizungushia duara zile R tatu. Mtoto anasema halali usiku, mimi namwambia silali huandikwa kwa L!

Yapasa niwaeleze wasomaji wasioijua Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake ukaingia mjini. Nyumba nyingi zilianguka, maelfu ya watu walikaa katika mahema, na reli ya kati ilikatika upande wa kwenda Gulwe. Mjukuu wangu hakuwa amezaliwa. Lakini sisi wazee huyasimulia mambo yale wakati wa kula kama mtu asimuliavyo hadithi iliyokwisha. Hatukujua ya kuwa yuko mtoto anayeyachukua maneno yetu mpaka kitandani, akalala macho akiusikiliza mto.

Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, nilimwita. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, jana nimeisoma barua yako."

Akasema, "Uliisoma zamani, babu."

Nikamwambia, "La. Zamani niliisahihisha tu. Jana ndipo nilipoisoma. Uniwie radhi."

Mchana tulikwenda pamoja kuuona mto. Nikamwonyesha maji yalipo na ukingo ulipo, na njia tutakayoshika sote ikiwa maji yatapanda. Tukapatana ya kuwa usiku wa mvua atalala chumbani kwa bibi yake. Barua ile tukaipeleka vile vile ilivyo, na R zake zote. Mama yake alijibu usiku ule ule. Hakutaja kosa hata moja. Alijibu habari ya mto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimkumbuka marehemu baba yangu. Zamani, katika miaka ya 1950, mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba na Kilosa yalikuwa na vibarua wengi waliotoka nchi za mbali, walioitwa manamba. Wengi wao hawakujua kusoma. Jioni walikuja barazani kwetu wakimwomba baba awaandikie barua za kwenda kwao. Baba hakuwa msomi mkubwa. Alijua Kurani, na hati ya Kiarabu, na hati ya Kizungu kidogo. Lakini ilikuwa hatii wino karatasini kabla mwenye barua hajamaliza kusema yote aliyo nayo. Kisha huandika, kisha humsomea, na kumwuliza, "Haya ndiyo maneno yako?" Akiambiwa "Siyo," hufuta. Watu walimpenda kwa sababu hiyo, si kwa uzuri wa hati yake.

Nami nikaona ya kuwa baba alikuwa akifuata adabu aliyoipata katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko aya zote za Kurani Tukufu, tumeamrishwa kuliandika deni la muda. Mwandishi ameamrishwa aandike kwa uadilifu, na yule mwenye deni juu yake ndiye atakayetamka, wala asipunguze kitu. Tazameni mpango huo: kwanza yuko mwenye maneno, kisha yuko mwenye kalamu anayesikiliza. Maneno ya mtu ni amana. Mimi niliyekuwa karani miaka 30 nilikuwa nimeishika kalamu na kuisahau amana.

Dini yetu haikuwaachia wachache elimu ya kuandika. Aya zilizotangulia kushuka zataja kusoma, na zataja ya kuwa Mola amefundisha kwa kalamu. Yasimuliwa ya kuwa baada ya vita vya Badri baadhi ya mateka waliojua kuandika, ambao hawakuwa na mali ya kujikombolea, waliachwa huru kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Yasimuliwa pia ya kuwa Bibi Shifaa binti Abdillahi alimfundisha Bibi Hafsa, mkewe Mtume (s.a.w.), kuandika. Kwa hiyo asije mtu akasema ya kuwa kalamu si kitu cha binti.

Labda msomaji ataniuliza, "Je, makosa yaachwe?" La, hasha. Mtoto aachwaye na makosa yake amedhulumiwa vile vile. Atakuja andika ombi la kazi likatupwa, au mkataba wa shamba usioeleweka, na watoto wake wakagombana juu ya mpaka. Sisemi makosa yaachwe. Nasema yangoje zamu yake. Nami nitaeleza tufanyavyo sasa nyumbani kwetu, huenda mzazi mwingine akapata faida.

Kwanza, kabla hajaandika namwambia anieleze kwa mdomo analotaka kumwambia mama. Mtoto asiye na neno moyoni hujaza ukurasa kwa salamu za watu wote wa mtaa, na mtoto aliyekwisha kulisema neno lake huliandika kwa wepesi.

Pili, akimaliza naisoma yote bila kalamu mkononi, kisha namjibu yale aliyoyasema. Akiwa ameniambia ya kuwa mbuzi amezaa, nauliza habari za mbuzi. Ajue kwanza ya kuwa barua yake imefika.

Tatu, namwambia aisome kwa sauti. Ajabu ni kubwa! Sikio huyaona makosa ambayo jicho limeyapita. Pale anapokosa pumzi hujua mwenyewe ya kuwa pamepungua nukta. Na akisema "ninakupenda" kwa pumzi moja, huona ya kuwa neno hilo halina haja ya kukatwa vipande vitatu.

Nne, twachagua kosa la namna moja tu kwa juma. Mwezi mzima ulikuwa wa L na R. Twatamka "kula" na "kura", "lea" na "rea", tukicheka, mpaka ulimi umezoea na mkono ukaufuata ulimi. Duara 23 kwa siku moja hazimfundishi mtoto mambo 23. Humfundisha jambo moja tu, nalo ni kuogopa kuandika.

Tano, namwuliza maswali mahali alipoandika neno tupu. Baada ya Idi aliandika, "Sikukuu ilikuwa nzuri sana." Nikamwuliza, "Nini kilikuwa kizuri?" Akafikiri, kisha akaandika ya kuwa bibi alipika pilau, yeye akapeleka sahani kwa majirani watatu, na sahani moja ilirudi na tende juu yake. Mama yake akajua sikukuu ilivyokuwa kana kwamba alikuwapo.

Mwisho, huinakili barua kwa hati safi. Hapo ndipo adabu ya mkono inapoingia. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka ubao wa chuoni, tulioandikia kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Uliandika, ukasoma, ukaosha, ukaandika tena. Kosa la jana lilikwenda na maji, wala ubao haukuliweka. Mtoto wa leo aandikaye katika daftari hulibeba kosa lake likiwa limezungushiwa wino mwekundu mpaka mwisho wa mwaka. Hatuwezi kuurudisha ubao, lakini twaweza kuirudisha huruma yake.

Wazee wengine huilaumu simu, kwa kuwa vijana huandika humo "xaxa" badala ya "sasa", na maneno mengine yaliyonyofolewa vichwa na mikia. Nami silipendi jambo hilo. Lakini nimeona ya kuwa simu hiyo hiyo ndiyo iipelekayo barua ya mjukuu wangu mpaka Muscat. Mtoto aliyezoea kuandika vema kwa mtu ampendaye ajua tofauti ya mzaha wa wenzake na barua ya mama.

Tunaye mfano karibu. Marehemu Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alitutolea kitabu Kielezo cha Insha mwaka 1954, nacho kimewafaa wengi. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, tangu mwaka 1931, alikuwa akimwandikia barua nduguye Yusuf Ulenge, na barua hizo zilitolewa kitabu baada ya kufa kwake. Mwandishi mkubwa namna ile alikuwa pia ndugu anayemwandikia nduguye.

Sitasema ya kuwa mjukuu wangu sasa haandiki kosa. Barua ya Alhamisi iliyopita ilikuwa na R tatu zisizo mahali pake. Lakini ilikuwa na kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili alimwandikia mama yake ya kuwa mvua imenyesha usiku, naye alilala. Neno "nililala" aliliandika kwa herufi zake zote sawasawa. Ile kalamu nyekundu nimempa achoree maua.

Basi, ndugu zangu wazazi, na nyinyi babu na bibi, mtoto akikuletea maandishi yake, iweke kalamu chini kwanza, umsome. Nanyi vijana, yuko mtu anayengoja habari zenu. Mwandikieni, wala msingoje mpaka muwe hamkosei. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuichunga amana ya kalamu, na awarudishe salama wote walio mbali na watoto wao. Amin.