Karatasi ya Tarehe

Mwulize mtoto wa darasa la tano, katika shule nyingi za msingi za serikali, maktaba iko wapi. Kama shule inayo, atanyoosha kidole kwenye mlango wenye kufuli. Mwulize kuna nini ndani, atasema vitabu. Vya nani? Vya shule. Majibu yote matatu ni sahihi, na hapo ndipo penye uchungu, kwa maana hakuna hata moja linalomhusu yeye. Wapo wanaosikia majibu hayo wakahitimisha kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Mimi naona tunamlaumu asiyehusika. Mtoto hana habari na maktaba kwa sababu sisi watu wazima tuliifunga, na tuliifunga kwa nia njema kabisa, vitabu visipotee. Maktaba za shule zetu za msingi hazikuuawa na uhaba wa vitabu peke yake, wala na simu, wala na uvivu wa walimu. Ziliuawa kidogo kidogo na hofu ya kupoteza kitabu, tangu kitabu kilipoanza kuhesabiwa kama dawati na jembe, kikaacha kuazimwa.

Ushahidi umo ndani ya vitabu vyenyewe. Chukua kitabu cha ziada kilichosalia kutoka maktaba ya shule ya miaka ya sitini au sabini, ufungue jalada la nyuma. Utakuta mfuko mdogo wa karatasi ya kaki uliobandikwa kwa gundi pande tatu, na ndani yake kadi ngumu: juu jina la mwandishi na jina la kitabu, chini safu mbili, moja ya jina la mwazimaji na nyingine ya tarehe. Ukurasa unaotazamana na mfuko huo umebandikwa karatasi ya tarehe, na kila mhuri uliopigwa pale ni siku ambayo kitabu kilitakiwa kurudi. Kitabu kikitoka, kadi hubaki kwenye kisanduku mezani. Kikirudi, kadi hurudi mfukoni. Hapakuhitajika umeme wala mashine. Sasa isome karatasi ile kuanzia juu. Mihuri ya mwanzo imebanana, mingine imepigwa upande kwa haraka, mingine imefifia, na unaofuata umekolea kwa sababu kibweta kilitiwa wino. Halafu pengo la miezi. Halafu mhuri mmoja, na mwingine baada ya mwaka. Halafu basi, ingawa nusu ya karatasi bado ni nyeupe. Kadi nayo inasema hivyo hivyo: majina ya watoto kwa penseli na kwa kalamu, yenye herufi zilizokosewa na kufutwa kwa kidole chenye mate, kisha mistari mitupu. Kitabu hakikuchakaa tena baada ya hapo. Kurasa zimegeuka manjano tu, na wadudu wamekula pembe. Anayetaka kujua ni lini shule yake iliacha kuazimisha vitabu hana haja ya kwenda wizarani.

Utaratibu huu wa kuazimisha una asili yake. East African Literature Bureau, iliyoanza 1948, ilikuwa ikipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta mahali pasipo na maktaba, na Tanganyika ilipopata huduma yake yenyewe ya maktaba kwa sheria ya 1963, fikra ya kwamba kitabu kimfuate msomaji alipo iliendelea. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, ikiwa na sehemu yake ya watoto. Siku ya Uhuru ina mambo mengi ya kuzindua, na mwaka ule nyumba ya vitabu ilipewa nafasi hiyo. Tarehe nyingine za kufunguliwa maktaba za mikoa zinapatikana kwa anayezitaka. Hazitatusaidia sana hapa, kwa sababu mtoto wa shule ya msingi hakuijua maktaba kupitia jengo la mkoani. Aliijua kupitia kabati.

Maana maktaba ya shule ya msingi, hata ilipokuwa hai, mara nyingi ilikuwa kabati tu, la mninga au la mvule, milango miwili na rafu chache, likisimama nyuma ya darasa au kwenye chumba kidogo kando ya ofisi. Waliosoma wakati ule wanaikumbuka harufu yake: gundi ya unga, naftalini ya kufukuza mende, wino wa mhuri, na jasho la mikono ya watoto lililokwisha kuingia kwenye majalada. Kabati lisilofunguliwa lina harufu nyingine kabisa, ya ukungu na mavi ya panya. Ninaamini mkaguzi mwenye pua nzuri angeweza kuipima maktaba kabla hajagusa daftari. Na ndani mlikuwa na nini? Hekaya za Abunuwasi zilizolegea uzi kwa kusomwa. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili tangu 1929 na bado ikigombewa na wavulana miaka arobaini baadaye. Hivyo havikuwa vitabu vya mtihani. Mtoto alikichukua kimoja Ijumaa, akakisoma chini ya mwembe au kando ya kibatari, akamsimulia mdogo wake, na Ijumaa iliyofuata akakirudisha kwa sababu mwenzake alikwisha kukiwekea oda. Zamu ya mwenzake ndiyo iliyokirudisha, kuliko adhabu.

Nitaambiwa kwamba hiyo ni kumbukumbu ya wachache, na nakubali bila kusitasita. Watoto wengi wa rika lile hawakuwa shuleni kabisa, na shule nyingi hazikuwahi kuwa na kabati wala kadi. Anayesifia maktaba za zamani bila kulisema hilo hasemi kweli. Hata hivyo, kukubali kwamba zilikuwa chache hakufuti swali langu. Kama kitu kilifanya kazi vizuri mahali pachache, kilipaswa kuongezeka. Kwa nini hata pale kilipokuwepo kilizimika?

Kilizimika katikati ya jambo jema. Elimu ya msingi kwa wote ilipofika, kila mwenye umri wa msomaji wa makala hii anajua madarasa yalivyofurika. Chumba cha maktaba kikawa darasa, na haikuwezekana iwe vinginevyo. Huwezi kuwaweka watoto nje kwa ajili ya kabati. Kabati likahamia ofisi ya mwalimu mkuu. Jambo zito zaidi lilitokea kwenye vitabu vya kiada. Kitabu kimoja kilipolazimika kutumiwa na dawati zima, na wakati mwingine na madawati mawili, kila nakala ikawa na thamani ya dhahabu, na shule ikajifunza kuilinda. Ulinzi huo ukahamia hata kwa vitabu vya ziada, ambavyo kazi yake ni kinyume: kitabu cha kiada hukaa darasani, cha ziada hutembea. Vyote viwili vikaandikwa kwenye leja moja. Nayo leja ina safu ya vilivyopokelewa, safu ya vilivyopo na safu ya vilivyopotea. Haina safu ya mara ngapi kitabu kimesomwa. Mwalimu wa maktaba akihamishwa, siku ya makabidhiano huulizwa viko vingapi, na pengo likionekana, yeye ndiye wa kujieleza. Mwalimu mwenye akili timamu, mwenye vipindi vyake ishirini na tano na watoto wake nyumbani, atafanya nini? Atafunga. Simlaumu. Tumempa kazi ambayo akiifanya kwa moyo ataonekana mzembe, na asipoifanya kabisa atapewa sifa kwamba hesabu yake imetimia.

Wanaotetea kufuli wana hoja yao, nayo si ya kipuuzi: watoto wanachana vitabu, wanavipoteza, wazazi wengine wanafungia vitumbua kurasa zake, na pesa ya kununua vingine haipo. Ni kweli. Lakini tuhesabu hasara zote, tusihesabu ya upande mmoja. Kitabu kilichofungiwa nacho hupotea. Mchwa hupanda ukutani wakaingia kwa nyuma ya kabati, na siku likifunguliwa kitabu kina jalada na ganda la udongo. Mvua hupita kwenye bati lililotoboka. Mtaala hubadilika na kile kilichokuwa kipya kikapitwa kikiwa bado na harufu ya kiwandani. Hasara hizo huandikwa "vimeharibika", na hakuna anayeitwa kujieleza. Kitabu kilichochanika mikononi mwa watoto arobaini kimewasomesha watoto arobaini. Kile kilicholiwa na mchwa kimemsomesha nani? Tukiwa radhi kuisamehe hasara ya mchwa, tunaweza kuisamehe ya mtoto.

Miaka iliyofuata inaweza kusimuliwa haraka, kwa sababu ni kisa kile kile kikijirudia. Mwaka 1991 ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ukawapa waandishi na wachapishaji wetu sababu ya kutengeneza hadithi nzuri za Kiswahili zenye picha, na vitabu hivyo vikapelekwa shuleni. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaleta fedha za vitabu kuanzia 2002. Wafadhili wakajenga vyumba vya kusomea, vyenye mikeka na rangi za kupendeza. Mahali palipopatikana mtu wa kuviendesha, watoto walimiminika, na huo ni uthibitisho kwamba hamu ya kusoma haijaenda popote. Palipokosekana mtu, maboksi yalibaki na utepe wake. Wakati huo huo kipindi cha maktaba kwenye ratiba kilianza kuazimwa na Hisabati, kisha kikachukuliwa moja kwa moja na maandalizi ya mitihani ya darasa la nne na la saba. Halafu, kuanzia 2010, tafiti za Uwezo, za kupima watoto wanavyosoma, zikaanza kutuonyesha watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, nchi nzima ikashtuka, na hatua nyingi zikachukuliwa kuhusu KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Nyingi zilihusu kufundisha kusoma. Chache zilihusu kumpa mtoto kitu cha kusoma baada ya kengele ya mwisho, na mtu hawi msomaji kwa kufundishwa herufi tu, kama asivyokuwa mwogeleaji kwa kuonyeshwa ufukwe.

Yupo atakayesema haya yote yamepitwa, mtoto wa leo atasoma kwenye simu. Labda ipo siku. Kwa sasa simu ya nyumbani ni ya baba au mama, inatoka naye asubuhi na kurudi jioni na chaji asilimia kumi, na bando likiwepo lina kazi nyingine. Shule ya msingi yenyewe haimruhusu mwanafunzi kuingia na simu. Na hata skrini ikipatikana, itahitaji mtu yule yule anayemjua mtoto yule, wa kumwambia: umemaliza hiki, jaribu na hiki. Hiyo ndiyo kazi hasa ya mkutubi. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo kimekuwa kikifundisha wakutubi tangu 1989, lakini shule ya msingi ya serikali yenye mkutubi aliyesomea ni nadra kama kisima cha maji baridi jangwani, na kazi hupewa mwalimu kama nyongeza, pamoja na bustani na kwaya.

Kama serikali haiwezi kuajiri mkutubi kwa kila shule, na naelewa kwamba kwa mwaka mmoja au kumi haitaweza, kuna mambo mawili yasiyohitaji bajeti. La kwanza ni waraka mfupi unaovitoa vitabu vya ziada kwenye utaratibu wa kiada na kukubali kwamba kiasi fulani kitapotea kila mwaka kwa matumizi, bila mwalimu kudaiwa. Mthibiti ubora akifika shuleni aombe kwanza kuona kadi zilizoandikwa majina, ndipo aombe leja. La pili ni kuwarudishia watoto mhuri. Zile kadi za zamani hazikuandikwa na mwalimu. Mwandiko wake si wa mtu mzima. Watoto wa darasa la sita walipangiwa zamu, wawili wawili, mmoja akiandika jina na mwingine akigonga mhuri, huku foleni ya darasa la tatu ikisukumana mlangoni na wa mbele kabisa akisimama kwa ncha za vidole, ahakikishe tarehe aliyopigiwa ni ya wiki ijayo na si ya kesho.