Bundi wa Kanisa Letu

Wengi wenu mnamjua bundi kwa sauti tu. Mkimsikia usiku mnafunga mlango, na asubuhi mnaulizana: nani ataugua? Mimi pia nilikuwa hivyo. Nilisoma seminari ndogo miaka sita na seminari kubwa miaka miwili, kisha nikaona kwamba njia yangu ni nyingine. Nikarudi nyumbani, nikaoa, nikawa katekista. Nilijua Kilatini kidogo na filosofia kidogo. Lakini juu ya ndege aliyekaa juu ya kichwa changu kila Dominika sikujua kitu, na kutojua kwangu kulimletea mtu mwingine hasara. Ndiyo habari ninayotaka kuwaeleza.

Kanisa letu dogo liko milimani, Kivu ya Kusini. Kuta ni za matofali, juu ni mabati, na dari ni ya matete. Mama mmoja mjane ndiye aliyekuwa akilifagia. Hakulipwa franka hata moja. Alikuja kabla ya jua, akafungua, akafagia, akaweka maua katika kopo, akafunga. Ufunguo alikaa nao yeye.

Katika mwaka wa pili wa kazi yangu, watu walianza kusikia kitu darini. Haukuwa mlio wa bundi wanaoujua. Ilikuwa pumzi ndefu, kama mgonjwa anayekoroma ao nyoka anayefoka. Wanakwaya waliokuja jioni kujifunza nyimbo walikimbia na kuacha vitabu vyao. Usiku mmoja kijana aliona uso mweupe katika tundu la ukuta. Alisema ni uso bila mwili, nao uligeuka mpaka nyuma.

Kisha vikapatikana vifungu. Vilikuwa chini, pale dari ilipovunjika, vyeusi, virefu kama kidole gumba, vimekazwa vizuri: manyoya nje, mifupa midogo ndani. Mzee mmoja alikigeuza kimoja kwa fimbo yake, akasema: "Hii ni dawa." Hakuna aliyeuliza ni dawa ya nani. Nani ana ufunguo? Nani anaingia peke yake kukiwa bado giza? Tena mama yule alikuwa amezika mume na watoto wawili, na watu wengine walikuwa wamekwisha kuhesabu makaburi hayo kwa namna yao.

Wakanijia. "Mwalimu, wewe ulisoma. Sema neno." Nikasema kwamba Mkristo haogopi ulozi. Nilisema vizuri, hata nikajipendeza. Lakini kesho yake nikaenda kwa mama, nikamwomba ufunguo, "mpaka maneno yatulie." Alinitazama, akaufungua katika pindo la kikwembe chake, akanipa kwa mikono miwili. Hakuuliza neno. Wapenzi, mdomo wangu ulisema kwamba hakuna ulozi, na mkono wangu ukasema kwamba upo. Watu waliutazama mkono.

Juma lile lile vijana walipanda darini na fimbo. Wakaangusha makinda matatu, mmoja mkubwa, mmoja wa katikati, mmoja mdogo. Mama yao aliruka nje, wakampiga mawe mpaka akafa. Mimi ndimi niliyewashikia ngazi. Siku tatu baadaye mjane alifunga vitu vyake, akahamia kwa mtoto wa ndugu yake, mwendo wa saa nne kwa miguu.

Padri alipokuja kututembelea, nilimwonyesha kifungu kimoja nilichokiweka katika kopo. Hakucheka, wala hakukasirika. Aliomba beseni la maji ya vuguvugu. Kifungu kikalowa, naye akakifungua polepole kwa mwiba. Ndani mlikuwa mafuvu manne ya panya, na meno yao ya manjano, na mbavu nyembamba kama uzi. Akaniambia: "Bundi hawezi kutafuna. Humeza panya mzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini manyoya na mifupa haviyeyuki. Basi huvikaza pamoja na kuvitapika. Hii ndiyo dawa yenu." Mafuvu manne, nasi mwaka ule tulikuwa tukilia kwamba panya wanamaliza mahindi yetu darini!

Tangu siku ile nilianza kutafuta habari za ndege huyu, na kila jambo lililotutisha nimelipata katika vitabu, limeelezwa. Yeye ni bundi mweupe, anayependa kukaa katika majengo ya watu. Ile pumzi ya kukoroma ni makinda wanaoomba chakula. Walikuwa wakubwa na wadogo kwa sababu mayai hayaanguliwi siku moja. Ule uso mweupe umefanyizwa kama sahani, nao hukusanya sauti na kuipeleka masikioni. Macho ya bundi hayawezi kuzunguka kama yetu, kwa hiyo hugeuza kichwa chote. Shingo ya mtu ina mifupa 7, yake ina 14, basi anaweza kuigeuza robo tatu ya duara. Manyoya ya mabawa yake yana ncha laini kama kitana, ndiyo maana anaruka bila kusikika.

Na masikio yake! Moja liko juu kidogo kuliko lingine, hivi kwamba anajua sauti inatoka kulia ao kushoto, juu ao chini. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Payne, alimweka bundi wa namna hii katika chumba chenye giza tupu, akatandaza majani makavu chini, akamwachilia panya. Bundi alimkamata. Kisha Payne alivuta kipande cha karatasi juu ya majani, na bundi akakirukia hicho nacho. Basi hakuongozwa na macho wala na harufu, bali na sauti. Alipozibwa sikio moja, alikosa. Habari hizo Payne alizitangaza kwa ukamili mwaka wa 1971.

Msidhani kwamba wasomi wakubwa hawakosei. Mwaka wa 1913, huko Avakubi katika Ituri, Mmarekani James Chapin aliona unyoya katika kofia ya mtu wa pale. Hakuweza kujua ni wa ndege gani, akautunza. Mwaka wa 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, aliona ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando juu ya kabati. Walikuwa wameandikiwa kwamba ni tausi wachanga wa India. Kumbe sivyo! Alikuwa tausi wa Kongo, ambaye hapatikani katika nchi nyingine yo yote. Watu wa msituni walivaa manyoya yake, lakini wataalamu walikuwa wamempa jina la mwingine. Na hapa kwetu, katika milima ya Itombwe, bundi mmoja wa jamaa ya huyu wa kanisa letu alipatikana mwaka wa 1951. Wa pili alinaswa wavuni mwaka wa 1996, akaachiliwa. Miaka 45 yote hakushikwa mwingine.

Chapin alikaa na unyoya mmoja miaka 23 bila kutaja jina asilolijua. Mimi nilikaa na kifungu kimoja siku moja tu, nikamvua mjane ufunguo wake.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta anapepeta maharagi. Nilimweleza juu ya beseni na mafuvu, nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikauweka ufunguo mbele yake. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Halafu akasema: "Mwalimu, vifungu vile nilivizoa tangu zamani kabla hamjaviona. Nilijua ni uchafu wa ndege. Hakuna aliyeniuliza." Ufunguo hakuupokea. "Mpe mwingine," alisema. "Mimi nitakuja kusali." Naye huja, Dominika ambazo miguu inamruhusu, na hukaa nyuma karibu na mlango. Nilisema mbele ya watu wote kwamba kosa lilikuwa langu. Wengine walisikia. Wengine mpaka leo hawapiti mbele ya nyumba aliyoiacha.

Miaka miwili baadaye bundi mwingine aliingia darini, na hakuna anayemgusa. Vifungu vyake navipeleka katika mafundisho ya watoto, tunavilowesha, wanahesabu mafuvu na kupigana kwa furaha nani ameona mengi. Siku moja mtoto aliniuliza: "Mwalimu, na yule wa kwanza mlimwua kwa nini?" Nilimjibu: "Kwa sababu hatukuwa na beseni." Akacheka, akafikiri ni mzaha.

Basi, ndugu zangu, mkiona kitu msichokijua chini ya dari yenu, msianze kutafuta mwenyewe. Leteni kwanza maji.