Mama wa sekretaria alifikiri ni macho

Kwa muda wa miezi mitatu, mama mmoja mwenye sekretaria karibu na barabara Lumumba, mjini Kalemie, aliamini kwamba macho yake yameanza kumuacha. Kazi yake ni kuandika kwenye kompyuta barua za watu, maombi ya kazi na vitabu vya wanafunzi wanaomaliza chuo, kisha kuvichapa. Kila jioni kichwa kilimuuma. Alikuwa amekwisha kuanza kuweka pembeni pesa za miwani.

Siku moja baba fulani akarudi na karatasi mkononi. Mtoto wake alizaliwa 2008, lakini iliandikwa 2003. Mama alifungua kazi ile, akasogelea ekra hadi pua ikakaribia kioo, na bado hakuweza kuapa kama ni 3 ao ni 8. Alichapa upya bila malipo. Usiku hakulala: karatasi ngapi nyingine zimekwisha kutoka namna ile?

Aliyegundua ugonjwa ni mtoto wa mdogo wake, kijana anayetengeneza simu. Alimpa mama karatasi iliyochapwa, akamwambia asome. Mama alisoma mpaka mstari wa mwisho bila kukwama.

"Mama mukubwa, macho yako iko muzuri. Ni ekra njo inaleta fujo."

"Na mbona mbele haikukuwa vile?"

Mbele, mashine ilikuwa haijaingia virusi. Miezi mitatu iliyopita fundi mmoja aliifuta yote na kuweka mfumo mpya, lakini akasahau programu ya kuendesha ekra, ile ambayo mafundi wetu wanaiita pilote. Ekra bapa ina idadi yake ya nukta, haiongezeki wala haipungui. Ya mama ina 1440 kwa upana na 900 kwa urefu. Bila pilote, mashine ilikuwa inatuma 1024 kwa 768 tu, na ekra inalazimika kuzivuta hadi zijaze kioo. Nukta moja inaangukia katikati ya mbili, basi weusi wa herufi unachanganyika na weupe wa karatasi, unakuwa majivu. Hata herufi o ilikuwa imelala kama yai. Wengi hapa mjini wakiona hivyo hukimbilia kukuza maandishi, na wanachopata ni ukungu mkubwa zaidi.

Kijana alianza na kilicho rahisi. Alikaza visi viwili vya kabule ya bluu, akabonyeza kitufe cha ekra kinachojipanga chenyewe. Kivuli pembeni ya herufi kilipungua, ukungu ukabaki. Akabonyeza upande wa kuume wa panya, akafungua orodha ya vipimo vya ekra: 1440 haikuwemo kabisa. Ilibidi atafute pilote ya mashine ile kwa simu yake. Mega zikaisha. Akanunua nyingine, umeme wa Bendera ukakatika.

Alirudi kesho yake na kle. Wakati pilote inaingia, ekra ilizimika yote, na mama akashika meza kwa mikono miwili. Baada ya sekunde chache ikawaka. Sasa kwenye orodha kulikuwa na 1440 kwa 900, na kando yake neno la Kifaransa "recommandé". Kijana alibonyeza hapo, mara moja tu.

Mama hakusema kitu. Alifungua ile kazi ya kwanza ya mtoto wa 2008. Tatu ilikuwa pale, nyeusi, wazi kama imechongwa. Akavuta kiti, akaanza kufungua kazi zote za miezi ile mitatu, moja moja, huku wateja wakingoja mlangoni. Hadi jioni alikuwa amepata makosa mengine manne. Wenye karatasi tatu aliwapigia simu. Wa nne ni mwanafunzi ambaye hakuacha namba, na kitabu chake amekwisha kukipeleka chuoni.