Shingo ya Bibi Harusi: Tulivyojifunza Kuchora Umbo Lisilo na Sura



Sisi ni mafundi watatu wa nguo za kike huku Mara. Mmoja wetu yuko Musoma mjini, mmoja Bunda, mmoja Butiama, na kazi kubwa za harusi tunazifanya pamoja. Leo tunawasimulia kosa letu, maana limetufundisha jambo ambalo kila bibi harusi anafaa kulijua kabla hajamkabidhi fundi kitambaa chake.

Zilibaki siku 5 kufika nikaha. Bibi harusi wetu wa Butiama alikuja kujaribu gauni: satini nyeupe, lesi mikononi, na kola ya kusimama ili shingo isitirike hata mtandio ukiteleza. Kwenye mchoro kola ile ilipendeza mno. Alipoivaa, ikamgota kidevuni. Mama yake alipomwita, ilibidi ageuke mwili mzima. Hakutulaumu. Alikaa kwenye benchi machozi yakimtoka, na hata kuinamisha kichwa alie vizuri hakuweza.

Tulifungua daftari la vipimo. Mzunguko wa shingo tuliandika, urefu wa shingo hatukuandika. Kimo cha kola tulikitoa kwenye mchoro, na mchoro wenyewe tuliuiga kwenye simu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Michoro mingi ya mitindo si ya watu kama sisi. Mtu mzima wa kawaida, ukipima kichwa chake toka utosini hadi kidevuni, urefu wake wote huwa vichwa 7 au 7 na nusu. Wachoraji wa mitindo humrefusha hadi vichwa 9. Miguu inavutwa, shingo inavutwa, na kila nguo inapendeza. Bibi harusi anapenda mchoro, fundi anashona, siku ya kujaribu anajiona yeye ndiye mwenye kasoro. Kumbe kasoro ni ya karatasi.

Mtatuuliza, mbona hatukujifunza kuchora wenyewe? Kozi ya ushonaji ilitufundisha kupima, kukata patani na kuunganisha. Kuchora umbo la mtu tulikukwepa kwa hofu ya dini. Tumekua tukisikia onyo la Mtume (s.a.w.) juu ya watengeneza picha za viumbe, kwamba Siku ya Kiyama wataambiwa wavipe uhai walivyoviumba. Nani asiyeogopa?

Baada ya siku ile tulimwendea ustadha wetu. Alitukumbusha habari ya Ibn Abbas (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ni picha, akamwelekeza achore miti na visivyo na roho. Kisha akatueleza Hadithi iliyo kwa Abu Daud na Tirmidhi, Jibril (a.s.) alipoagiza sanamu likatwe kichwa ili libaki kama umbo la mti. Akasema wanazuoni wametofautiana kuhusu mchoro wa mkono, na wapo wanaolegeza pale umbo linapokosa kichwa au kukosa sura. Mwenye kutaka tahadhari zaidi aishie shingoni.

Sisi si watu wa kutoa fatwa. Tulichokubaliana ni hiki: kwa gauni tunachora umbo linaloishia shingoni. Kwa shela na mtandio, ambavyo lazima vikae juu ya kitu, tunachora duara la yai tupu, bila macho, pua wala mdomo. Ukitaka kutufuata, muulize kwanza mwalimu wako wa dini.

Tukakutana Bunda Jumapili moja, futi mkononi, tukapimana sisi kwa sisi. Aliye mrefu kati yetu alitoka vichwa 7 na nusu, wengine 7. Hakuna aliyefika 8! Tulicheka, kisha tukachora hivi:

Piga mstari wima, uugawe kwa idadi ya vichwa vya mwenye nguo. Bibi harusi wa inchi 62 mwenye kichwa cha inchi 9 hivi ni vichwa 7, basi gawa mara 7. Sehemu ya kwanza ni ya kichwa, hata kama hukichori. Nusu ya mstari ni pale miguu inapoanzia.

Shingo usiibuni. Pima kutoka chini ya kidevu hadi kwenye kishimo cha koo, mwenyewe akiwa ametazama mbele, kisha mwambie ainamishe kichwa upime tena. Kola isizidi kipimo hicho cha pili. Kumbuka pia kwamba shingo haijasimama kama nguzo. Mtazame mtu kwa ubavu, utaona imeelekea mbele kidogo, na mbele inaanzia chini kuliko nyuma. Ndiyo maana shingo ya gauni hukatwa chini zaidi upande wa mbele. Mabega nayo yachore yakiteremka kama yalivyo, usiyanyooshe kama henga ya kutundikia nguo.

Bibi harusi wetu tulimrudia Butiama usiku uleule na cherehani. Tulifumua kola, tukaishusha hadi inchi 1, na lesi iliyobaki tukaigeuza ukingo wa mtandio ili sitara isipungue. Alipoivaa tena akainama, akageuka, akamwitikia mama yake. Baadaye tulimchora upya kwa vipimo vyake, shingo fupi na nyonga pana kama Allah alivyomjaalia. Bibi yake akaushika mchoro wa shela, akauliza, "Mbona huyu hana macho?" Tukamjibu, "Macho anayo mwenyewe, bibi." Mzee akacheka hadi akaegemea ukuta.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo zito. Mchoro wenye vipimo vya kweli ni umbo la mwanamke wa watu. Hatuubandiki ukutani wanakopita wanaume, wala hatuutumi kwenye makundi ya simu. Nguo ikikamilika, karatasi anaondoka nayo mwenyewe.

Basi dada bibi harusi, kabla hujatoa malipo ya awali, mwambie fundi akuchore wewe. Akikuonyesha shingo ya twiga, mpe futi apime.

Allah awajaalie maharusi wetu sitara, mapenzi na huruma, na azibariki kazi za mikono yetu. Aamin.