Nilikwenda Shiraz, bahari sikuiona

Leo nataka kutua mzigo nilioubeba tangu Aprili 2023, wiki moja baada ya Idi, nilipopata bahati ya kukaa siku tatu Shiraz, kule Iran.

Kabla ya safari nilikwenda Makunduchi kumuaga bibi. Bibi yangu ni Mshirazi, na hilo atakwambia kabla hujamaliza kumwamkia. Tumekua tukimsikia akisimulia jinsi wazee walivyotweka tanga Shiraz wakaja kushukia kwetu. Akanishika mkono: "Mjukuu wangu, unakwenda kwetu. Wasalimie."

Basi jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba Shiraz haina bahari! Mji uko milimani, mita kama 1,500 juu, na kufika bandari ya Bushehr ni karibu kilomita 300 za barabara. Huko pwani ndiko ilikokuwa Siraf, bandari ya kale ya wafanyabiashara. Jahazi la bibi lingetweka tanga Shiraz, lingepasua mawe.

Lakini uzuri? Acheni tu. Bustani ya Eram (neno lenyewe bustani tumelitoa kwao) imo katika orodha ya UNESCO tangu 2011. Maji yanapita katikati kwenye mfereji ulionyooka, yanaingia bwawani mbele ya jumba, na kando imesimama miti mirefu iliyochongoka wanayoiita sarv. Midanzi ilikuwa imechanua. Harufu yake ikanikumbusha kikuba cha asumini, nikakaa pale saa nzima bila kuandika hata mstari.

Kisha Msikiti wa Vakil: nguzo 48 za mawe zilizosokotwa kama kamba, na mimbari ya ngazi 14 iliyochongwa katika jiwe moja la marumaru. Karim Khan Zand, aliyeujenga karne ya 18, hakutaka kuitwa shah. Alijiita wakili wa raia. Mswahili hahitaji mkalimani hapo! Nasir al-Mulk nao, wenye madirisha ya vioo vya rangi, nilifika asubuhi jua linapopiga zulia, ila watu wa kujipiga picha walikuwa wengi mno, nikatoka.

Usiku hotelini nikaanza kupiga hesabu. Vakil ni wa karne ya 18. Nasir al-Mulk ulimalizika 1888. Jumba la Eram ni la karne ya 19. Sasa, msikiti wa Kizimkazi, pua na mdomo na kwa bibi, una maandishi ya mwaka 1107. Yaani hakuna hata kimoja nilichokipiga picha ambacho wazee wa bibi wangeweza kukiona.

Siku ya mwisho nikautafuta Msikiti wa Atigh, ulioanza kujengwa mwaka 894. Umekarabatiwa mara nyingi, lakini mahali ni pale pale. Palikuwa na mzee anafagia ua. Kijana mmoja mwanafunzi akanitafsiria: mwambie Zanzibar kuna watu wanajiita Washirazi. Mzee akacheka kwa upole, akasema hajapata kusikia. Akanipa chai. Salamu za bibi zikanikwama kooni.

Mwezi mmoja kabla, Machi 2023, jarida la Nature lilikuwa limechapisha utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya kale ya pwani, yakiwemo ya Manda, Mtwapa na Kilwa. Watu walianza kuchanganya damu kama mwaka 1000: akina baba wengi kutoka Uajemi, akina mama wa Kiafrika. Mifupa ya Unguja haikuwamo, lakini nilifurahi kwamba bibi hakuwa akitunga. Kilichonisumbua ni kingine. Katika masimulizi yake yote, miaka yote, hakuna mama hata mmoja.

Niliporudi akaniuliza, "Wamekwambiaje?" Mimi, ninayelipwa mshahara kuandika ukweli, nikajibu, "Wanakusalimu sana, bibi." Akafurahi mpaka akanionea haya.

Nikajikaza. "Bibi, hao wazee waliokuja na majahazi walioa wapi? Mama zetu walikuwa kina nani?"

Akanitazama kama niliyeuliza jua linachomoza wapi.

"Wa hapa hapa. Watoke wapi?" akasema, akaendelea kusuka ukili wake.